Maganda Jivuni

Mzee Mwikwabe aliingia mtaa wa Mukendo Jumatatu asubuhi na mkeka mpya begani, na Wegesa alipouona ule mkeka tu, akajua. Mtu hatoki kijijini Butiama na mkeka kuja kusalimia. Ule ulikuwa wa kumlaza mgonjwa nyuma ya lori.

"Shemeji," akasema Mwikwabe kabla hajapewa hata kiti, "nimekuja kumchukua mke wa mwanetu."

Mke huyo ni Jeska, aliyeolewa na Mseti, mtoto wa mwisho wa Wegesa. Mseti mwenyewe alikuwa kisiwani Rukuba, wiki ya pili sasa, anaunda mtumbwi wa mtu. Mwikwabe naye ni mdogo wa marehemu mume wa Wegesa, na tangu ndugu yake afe, neno lake ndilo neno la ukoo.

Jeska alikuwa ndani, kalala ubavu, mimba ya miezi mitano. Mbili za kwanza zilitoka, moja Butiama, moja hapahapa mjini, na zote zilitoka mwezi wa sita. Hii ya tatu ilikuwa imemkondesha mpaka pete ya ndoa kaifunga na uzi isimdondoke. Ugali ukisongwa, ule mvuke tu ukimfikia, anatapika. Uji, anatapika. Mchuzi ukiungwa nyumba ya tatu, anatapika.

"Dispensari wamesema asisafiri," akasema Wegesa. "Damu yake imepungua. Kila Alhamisi wanamtazama. Kule akiharibikiwa, nani atamfikisha kwa mganga wa dispensari?"

"Dispensari inamtazama, haimlishi. Ana siku ngapi hajala?"

Wegesa akazihesabu moyoni. Siku tatu, maji na ndimu tu.

"Umeona. Nyumbani kuna wazee na dawa. Lori la mgodini linapakia sokoni, saa saba linakwenda Kiabakari, jirani na kwetu. Likipiga honi pale kona, nampandisha."

Wegesa hakupandisha sauti. Alikwisha kumjua shemeji yake kwa miaka mingi: ukimvuta, anavuta, ukimwachia kamba, hujikuta amesimama mwenyewe.

"Sawa, shemeji. Na je, akila? Akila sahani nzima kabla ya honi, na isirudi?"

Mwikwabe akacheka kwa pua. "Akila sahani nzima na isirudi, nitapanda lori peke yangu. Lakini siondoki hapa mlangoni. Masikio ninayo."

Mlangoni kwa nje, tena kawapa mgongo. Kwa watu wao baba mkwe hamwoni mke wa mwanawe akitafuna, na mke hatii kitu mdomoni mbele ya baba mkwe. Basi akapindua kinu akakikalia, karibu na jalala la majivu, fimbo katikati ya magoti. Ilikuwa imegonga saa nne na nusu.

Wegesa akapitia uani kwa jirani yake Mwanaamina, mke wa Shomari fundi cherehani.

"Mwenzangu, chakula gani hakina moshi, hakina mvuke, hakina mafuta?"

"Kachumbari," akajibu Mwanaamina bila kuinua kichwa kwenye ungo.

"Nami nakuuliza jambo la maana! Nani anashibaga kachumbari? Hiyo si ya kusindikiza pilau?"

"Ukiiacha mikono mitupu ni ya kusindikiza. Ukiijaza, inasindikizwa yenyewe. Maharage ya jana yapo, yamepoa. Samaki sato yupo, Shomari kamleta alfajiri, nitamchemsha hapa kwangu moshi usimfikie Jeska. Karanga nimekaanga. Na mayai." Sasa akainua kichwa. "Dispensari si walisema mayai?"

Wegesa akatazama kuku wa Mwanaamina wakiparua chini.

Walisema. Tangu mwezi wa pili wa mimba, kila Alhamisi mganga alimvuta Jeska kope la chini, akaona weupe wa pamba, akauliza, "Mayai anakula?" Na kila Alhamisi Wegesa alitazama pembeni, akajibu, "Anakula." Jeska akisikia. Maana kwao mwanamke haonji yai, sembuse mjamzito. Mimba itateleza, walisema, kama ute unavyoteleza mkononi. Wegesa hakuwa na uhakika kama anaamini. Alichojua ni kwamba hajawahi kujaribu.

"Nichemshie manne," akasema.

Saa tano na nusu vitu vyote vilikuwa vimepoa, vimefunikwa kwa kitambaa kibichi. Wegesa akaketi nyuma ya pazia, Jeska asimwone. Kabichi akaikata nyembamba kama nyuzi, akaifikicha na chumvi, akaikamua maji. Nyanya akatoa mbegu, kitunguu akakiosha mara tatu mpaka ukali ukaisha. Maharage akayachuja. Sato akamtoa miiba kwa vidole, kipande kwa kipande, anapapasa kila kimoja kama anayetafuta chawa. Kisha akamenya mayai. Viini vitatu akaviponda pamoja na karanga na maji ya ndimu vikawa rojo la manjano. Weupe akaukata vipande sawa na minofu ya samaki, hata yeye mwenyewe akashindwa kujua kipi ni kipi. Yai la nne akaliacha zima palepale nyuma ya pazia, rojo lisipotosha aongeze.

Maganda akayakusanya kwenye kigae, akayafunika kwa majivu ya jiko, akatoka. Jalala lilikuwa moja tu, na Mwikwabe kakaa kando yake.

"Unatupa nini?"

"Majivu, shemeji. Jikoni kutatupwa nini kingine?"

Akamwaga. Akajifuta mikono kwenye kanga.

Ndani akamwinua Jeska, akamwegemeza ukutani, akampa bakuli.

Jeska akanusa. Akasubiri. Hakikuja kitu. "Haina harufu, mama."

"Ina baridi. Chakula cha baridi hakinukii. Anza na kijiko kimoja, mwanangu. Tafuna polepole, lori halijajaa."

Kijiko cha kwanza kikashuka. Cha pili. Huko nje fimbo ilikuwa inachorachora chini, krr, krr. Kwenye kijiko cha tano Jeska akakohoa, fimbo ikasimama. Ilikuwa ndimu tu. Jeska akameza, akapangusa macho. "Haya maharage ni matamu," akasema, kana kwamba amekutana na mtu aliyedhani kafa.

Bakuli likafika nusu. Fimbo ikaanza tena, krr, krr, halafu ikatoa mlio mwingine, kama inavunja kitu chepesi.

"Wegesa!" Sauti ya Mwikwabe ikapiga ukuta. "Haya maganda ni ya nini jivuni?"

Jeska akaacha kutafuna. Akatazama bakuli, akatazama pazia.

"Mama. Umenilisha yai?"

"Nimekulisha."

Jeska akapeleka vidole mdomoni ajitapishe. Wegesa hakumshika. Akaingiza mkono nyuma ya pazia, akatoa lile yai zima, jeupe, linateleza, na mbele ya macho ya mkwe wake akaling'ata nusu. Akaimeza. Akang'ata nusu nyingine, akameza, ndipo akasema, na akasema kwa sauti ya kufika mlangoni:

"Nimezaa tisa, nimezika wanne. Mama yangu alikufa kwa uzazi. Tangu tuzaliwe, si mimi wala yeye aliyeonja yai. Shemeji, unasikia? Wale wanne wangu, niambie, waliuawa na yai gani?"

Wegesa akamgeukia Jeska, sauti imeshuka. "Kukuficha nimekosa. Mganga nimemdanganya miezi yote, leo nikakudanganya na wewe. Bakuli ni lako. Ukitaka kuliacha, liache."

Vidole vya Jeska vilikuwa bado midomoni. Machozi yakamtoka, ya hasira. "Ungeniambia, mama! Mimi ndiye ninayebeba!"

"Kweli. Ningekuambia."

Huko sokoni lori likawashwa, likanguruma, likazimika, likawashwa tena.

"Yai likiwa peke yake lina ladha gani?" Jeska akauliza.

Wegesa akafikiri. "Kama ule udongo wa kichuguu unaoulamba kwa siri ukidhani sikuoni. Ila una siagi."

Jeska akatoa kicheko kidogo, hakukitaka. Akashika kijiko. Safari hii alikuwa anapekua, anainua kila kipande cheupe, anakitazama, ndipo anakila. Alipofika chini akakwangua rojo mpaka bakuli likalia.

Hapo ndipo Wegesa akaona: jasho puani, mdomo umekaza. Akamsogezea ganda la ndimu. Jeska akalinusa kwa nguvu, macho kafumba, mkono mmoja juu ya mimba. Honi ikalia pale kona. Ikalia tena, ndefu.

Mwikwabe akasimama. Wegesa akatoka, akasimama naye, na wote wawili wakatega masikio mlangoni. Ndani Jeska akacheua. Wakasubiri. Hakikufuata kitu.

Mzee akayafukia yale maganda kwa ncha ya fimbo, taratibu, mpaka jivu likawa sawa.

"Mimi nilikuwa nimewapa mgongo," akasema. "Sikuona kitu. Wakiniuliza, nitasema alikula maharage."

"Alikula maharage, shemeji. Kweli tupu."

"Na huu mkeka mzito. Sitaubeba." Akausimamisha ukutani, akaondoka akikimbilia lori, kanzu kaishika magotini.

Alhamisi mganga akamvuta Jeska kope, akatazama, akauliza kama kawaida yake, "Mayai anakula?"

"Anakula," akasema Wegesa. "Tangu Jumatatu."

Mganga akainua uso. "Jumatatu? Si ulikuwa unaniambia..."

"Nilikuwa nakuambia," akajibu Wegesa, na safari hii hakutazama pembeni.