Kiti cha Madam Cheptanui

Maneno yalianzia kwa wanawake tunaochagua waru, viazi hivi, pamoja hapa Mau Narok: eti watoto wa darasa la marehemu Madam Cheptanui bado wanamwitikia. Nilicheka na wengine. Lakini nilipofika nyumbani, nikiosha matope miguuni, nilijikuta nayarudia maneno hayo kichwani. Mtoto wangu Linah ni wa darasa hilo, na sauti ya Madam ilikuwa kwenye simu yangu.

Naandika ili mama mwingine asipite nilipopita. Shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hivyo mnivumilie.

Linah yuko Gredi ya Kwanza. Huko wanafundishwa herufi mbili zinazoshikana kutoa sauti moja: sha, cha, tha, nya. Muhula ukiisha kila mtoto anaitwa mezani peke yake, anaonyeshwa kadi, anasoma, na mwalimu anaandika kama amefikia matarajio ama bado. Madam alipougua hakutaka watoto wabaki nyuma. Akiwa kitandani alirekodi zile sauti, akatutumia wazazi kwa simu. Anasema, "Sha." Halafu ananyamaza ili mtoto aseme. Halafu anasema, "Vizuri, mtoto wangu. Tena." Alifika kwa nya. Ng'a hakuifikia. Tulimzika kwao, upande wa Olenguruone, na mvua ikanyesha mpaka wachimbaji wakateleza.

Baada ya mazishi nilitaka kumfundisha Linah mwenyewe. Jirani yangu Sally akanikatiza.

"Wewe, Mama Linah? Na huo ulimi? Mtoto ataomba shai na shapati mpaka chuo kikuu!"

"Kwani shapati yangu hushibi?"

"Nashiba, lakini si mtihani!"

Tulicheka, na nikaona anasema kweli. Nikampa Linah simu. Akawa anakaa nayo jikoni, kwenye kigoda, ameiegemeza kwenye kiti kilicho mbele yake. Mimi naendelea na kazi zangu, nasikia sauti ya marehemu na ya mtoto zikipokezana kama watu wanaosalimiana.

Shosho, nyanya yangu, alitukataza kuitikia sauti ambayo mwenyewe haonekani. Ukiitwa shambani na huoni mtu, nyamaza mpaka uone uso. Hilo nililijua tangu utotoni, na bado sikuliunganisha na simu. Nani angeliunganisha?

Kwanza Linah aliacha kuniitikia. Namwita, ananitazama tu, anangoja. Nikadhani ni masikio. Kumbe anangoja ninyamaze. Nikiita halafu nikatulia kidogo, hapo ndipo midomo inafunguka. Na hasemi "eeh, mami" kama zamani. Anasema, "Ndio, Madam."

Nilifuta rekodi zote siku hiyo hiyo.

Kesho yake ukungu ulishuka mpaka mlangoni, ngano ya ng'ambo ya barabara haionekani. Nilikuwa nje namenya waru nikasikia, "Sha." Kimya. "Cha." Kimya. Nikachungulia jikoni. Linah amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, mbele ya kiti kitupu. Anasema, anangoja, halafu anatabasamu kama mtu aliyesifiwa. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, imezimwa.

Siku ya kupimwa watoto, mwalimu mpya, Mwalimu Odero, aliniita shuleni. Ni kijana wa mzaha, hata mkutano wa wazazi huufanya sherehe. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Mama Linah, huyu mtoto anaenda tuisheni?"

"Hapana, mwalimu."

"Kadi ya ng'a iliingia kati ya zingine kwa bahati mbaya. Sijaifundisha bado. Ameisoma."

"Labda amesikia kwa wakubwa."

"Nimemuuliza ameitoa wapi. Akaniambia ni Madam, jana." Akaangalia mlango. "Na ameivuta kidogo mwishoni, vile Madam alikuwa anaivuta. Nimefanya kazi na yule mama. Naijua."

Alikuwa amemwandikia Linah kwamba amezidi matarajio. Mzazi mwingine angepiga vigelegele. Mimi sikuweza kufurahi, kwa sababu mwalimu aliongeza kwamba tangu asubuhi mtoto hajaongea na mtu mwingine. Wenzake wakimwita uwanjani, anawapita kama miti. Niliona wazi kwamba mtoto wangu anaondoka kidogo kidogo, huku anapewa alama nzuri.

Tulipofika nyumbani nilienda moja kwa moja jikoni nikakaa kwenye kile kiti.

Linah akaanza kulia. "Toka! Hapo ni pa Madam!"

Sikutoka. Nilishika mkono wake nikauweka mbele ya mdomo wangu, vile Madam mwenyewe alivyowafundisha darasani, mtoto ahisi upepo wa kila herufi.

"Cha," nikasema. Ikatoka sha, kama siku zote. "Unahisi upepo?"

Akatikisa kichwa kukubali. "Ni moto."

"Na wa Madam?"

Nilitaka aseme kwamba wa Madam hauna upepo, ili nimweleze kwamba sauti ya simu si mtu.

"Wa Madam ni baridi," akasema.

Nikaanza kuongea. Cha, nya, tha, majina ya kuku wetu, majina ya wajomba wake, chochote. Sikuacha nafasi hata ya pumzi, kwa sababu kila nilipotaka kutulia, macho ya Linah yalihama kutoka usoni mwangu yakatazama juu ya bega langu. Niliendelea, mkono wake ukiwa pale mdomoni, mpaka vidole vyake vikaacha kujivuta vitoke.

"Mami," akasema, "unaongea sana!" Akacheka.

"Basi sema wewe."

"Nataka shapati."

Shapati! Nilimkumbatia mpaka akalalamika namuumiza.

Mwalimu Odero alimpima tena. "Ameshuka, mama. Ng'a hajui hata kidogo. Cha anasema sha. Nimemwandikia anakaribia matarajio." Akaniona nafuta machozi. "Usijali, tutamsaidia."

"Silii kwa hilo, mwalimu. Hiyo sha ni yangu."

Sasa nafundisha mwenyewe, kwa ulimi wangu, na mwalimu ananyoosha palipopinda. Linah anaitikia akiitwa. Lakini nyumba ikinyamaza ghafla, bado anainua kichwa kama mtu anayengoja zamu yake. Hapo naongea haraka.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Usimwache mtoto na sauti ambayo mwenyewe hayuko.

Usitumie rekodi za mwalimu aliyefariki, hata kama mtihani ni kesho.

Usimwite mtoto halafu ukanyamaza.

Usiuonee haya ulimi wako.

Usifurahie alama kabla hujamuuliza mtoto amefundishwa na nani.

Usiache kiti kitupu mbele ya mtoto anayesoma.