Mkono wa Mama Mkwe

Muuguzi wa mtaa hakumung'unya maneno: aliyegusa maiti ya ugonjwa huu asiguswe, hata awe mzazi wako. Kwa hiyo mama mkwe alipofika mlangoni, ametoka kumwosha jirani aliyefariki, akanyoosha mkono, mkaza mwana alirudi nyuma.

"Leo nimekuwa uchafu?" mama mkwe alifoka, akaenda zake.

Aibu ilimtafuna mkaza mwana, lakini heri lawama kuliko matanga.

Punde mumewe akaingia, akamwinamia mtoto aliyekuwa akilia kitandani, akampa kidole anyonye.

"Usijali, mke wangu. Nimemkuta mama getini, nimemshika mikono yote miwili mpaka hasira zikamwisha."

Mtoto alikuwa ameshanyamaza, ananyonya.