Mama Aliacha Kulalamika

Wiki ya tatu baada ya mazishi, karani wa zahanati alinipigia simu.

"Kaka, mama anaruka dawa zake za presha. Mlete tuongee naye."

"Mama tumeshamzika," nikamwambia. "Ni presha hiyohiyo iliyomuua."

Akaomba radhi. Hakuwa na habari. Kazi aliyopewa ilikuwa kusoma maandishi ya daktari kwenye mafaili na kuwatafuta wasiomeza dawa. Nilikata simu, lakini kesho yake nikaenda. Dawa zile nilikuwa nampa mimi, kila asubuhi, kiganjani mwake, nikisubiri mpaka anywe maji.

Karani alifungua faili. Mwezi wa tatu daktari aliandika: *Analalamika anakojoa mno. Presha imeshuka.* Wa nne, vilevile. Kuanzia wa tano: *Hana malalamiko. Presha iko juu. Mwanawe anasema anameza.*

"Dawa hii inakojoza," alisema karani. "Anayeimeza hulalamika. Akinyamaza na presha ikapanda, haifiki tumboni."

"Nilimwona kwa macho yangu!"

"Ulimwona akinywa maji, kaka."

Mwezi wa nane presha ilishuka tena, na malalamiko yakarudi. Mwezi huo nilikuwa safarini. Mama alikaa na mama mdogo. Wa tisa nilikuwa nimerudi, na daktari aliandika tena: *Hana malalamiko. Presha iko juu.*

Sikupitia nyumbani. Nilimkuta mama mdogo anafua, nikamuuliza alikuwa anampaje dada yake dawa.

"Nimpe mimi? Alijimezea mwenyewe! Halafu haipiti saa, ananiita: 'We kizee, njoo unipeleke msalani kabla sijakutia aibu!' Tunacheka, hao tunakwenda."

"Mimi hakuniita hata siku moja."

"Akuite wewe? Miguu ilimwishia nguvu tangu mwezi wa tano. Mtoto wa kiume aje amvue nguo mama yake?"

"Ningemvua."

"Najua. Na yeye alijua."

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, sijui nimkasirikie nani. Angesema, ningetafuta mwanamke wa kumsaidia. Au ningembeba tu, nimegeuza uso ukutani. Nikamuuliza mama mdogo kama mtu anaweza kweli kuchagua kufa kuliko kuonwa na mwanawe.

"Hakuchagua kufa, mwanangu. Kila asubuhi alijiambia, leo tu."

"Alikwambia hivyo?"

Akakamua shuka mpaka maji yakaisha.

"Hapana," akasema. "Nakisia tu, kama wewe."