Kiti cha Nyuma cha Fleetwood

Albert alitaka jambo moja kuliko hata wajukuu: binti yake Laurette aende kanisani siku ya harusi akiwa ameketi kiti cha nyuma cha Cadillac, na dereva awe yeye baba mtu. Tena si Cadillac yoyote. Alitaka Fleetwood ya mwaka hamsini na sita, kama ile aliyomwendeshea patron, bosi wake, mfanyabiashara wa kahawa kule Bukavu, Kongo. Siku patron alipomwoza binti yake, Albert ndiye aliyefungua mlango wa nyuma. Bibi harusi alizama katika kile kiti kipana kama kitanda cha wageni, wala hakumtupia dereva jicho. Laurette alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Albert akasema moyoni: na wangu ataketi hapo.

Kisha vita vikaja. Patron alitoroka, gari likaporwa, na Albert akajikuta London, akisambaza mashuka ya hospitali kwa van.

Jumamosi alikuwa akiosha magari ya harusi kwa Jaswant, Singasinga mzaliwa wa Kisumu mwenye karakana kule Barking. Mwaka wa harusi ya Laurette ndio mwaka Jaswant aliponunua Fleetwood, nyeusi, ya mwaka uleule. Albert alipoiona aliacha ndoo ya sabuni pale pale. Akaenda moja kwa moja kwenye taa ya nyuma ya kushoto, akaibonyeza, taa ikainuka, na chini yake ukaonekana mdomo wa tangi la petroli. Akamwonyesha Jaswant vioo vinavyopanda kwa kitufe, usukani unaozungushwa kwa kidole kimoja, na lile jicho juu ya dashibodi ambalo usiku hupunguza taa lenyewe likiona gari linakuja. Alikuwa na furaha ya kuudhi, kama mtu aliyekutana na mchumba wa zamani.

"Wacha driver wangu awapeleke," Jaswant alisema. "Steering iko left, Albert. Na hii ni London."

"Left ni upande yangu," Albert alicheka. "Miaka yote hapa kwenu nilikuwa naendesha nikikaa kwa kiti ya abiria."

Nyumbani mkewe Léocadie hakucheka. "Ule mtoto ya patron hakuangalia hata sura yako," alimwambia. "Sasa unashindana na nani?"

Neno hilo lilimchoma Albert. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Alimbembeleza Jaswant hadi Jaswant akachoka, akampa ufunguo.

Siku ya harusi Léocadie alitangulia kanisani Stratford na wageni. Albert alimfungulia Laurette mlango wa nyuma, akalikusanya gauni lote ndani, akafunga taratibu. Alipomtazama kwenye kioo, macho yalimjaa machozi. Laurette alikuwa ameshika shada kwa mikono miwili, na hakuwa akitabasamu.

"Papa, uko sure?"

"Kaa vizuri tu, mama. Kaa kama mtu mkubwa."

Hapa niseme wazi, maana baadaye watu walimsingizia pombe. Albert hakunywa. Miaka yote ya van hakuwahi kukosea njia: usukani kulia, barabara kushoto. Lakini usukani wa kushoto mikono yake iliujua kwa njia za Kongo tu, na Kongo watu huendesha kulia. Mazoea yana taabu. Alitoka kwenye kichochoro, akakata kushoto kuingia barabara kubwa, akazungusha kwa kidole kimoja kwa maringo, akavuka mstari na kutulia upande wa kulia, raha mustarehe, Bukavu kabisa.

Basi la ghorofa lilikuwa mbele yake.

Laurette alipiga ukelele. Albert alirudisha usukani kushoto kwa nguvu, gari likapanda ukingo wa barabara, mkia ukagonga nguzo, likasimama. Basi nalo lilisimama, dereva wake amejishika kichwa. Hakuna aliyeumia. Ile taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa vipande chini, na mfuniko wa tangi uko nje watu wote wanauona.

Albert alijaribu kuwasha gari tena. Mikono ilikataa. Akaikalia.

Mlango wa nyuma ulifunguka. Laurette alishuka, gauni likiburuzika kwenye lami, akaja dirishani kwa baba yake.

"Shuka, Papa."

"Tumpigie Jaswant, alete driver."

"Padri anangoja. Kazi yangu ni kuendesha van ya kubeba wazee kila siku. Shuka."

"Laurette, mimi nilitaka tu ukae pale nyuma."

"Nilikaa," alisema. "Karibu nife pale nyuma."

Albert akashuka. Laurette aliketi kwenye usukani, gauni likajaa kiti chote cha mbele hadi mlango wa pili, na baba mtu akabaki na nafasi moja tu. Aliingia nyuma. Katika miaka yote ya patron hakuwahi kuketi hapo, hata siku za kuosha gari. Kiti kilikuwa laini, kikammeza, na shada la maua lilikuwa limeachwa hapo kando yake. Mbele, binti yake aliendesha polepole, kushoto kabisa, mabega yamekaza, na hakugeuka hata mara moja. Albert alimwona kisogo tu, kama patron alivyokuwa akimwona yeye.

Mbele ya kanisa wageni walipiga vigelegele gari lilipotokea. Léocadie alikimbilia mlango wa nyuma, akaufungua kwa mikono miwili, uso wote ni kicheko. Ndani akamkuta mumewe amepakata maua, analia.

"Iko wapi bibi harusi?"

"Ni dereva," Albert alisema.