Alama za Agnes

Kuna watu wawili wasiofaa kuazimwa kitabu: asiyekijali na anayekipenda kupita kiasi. La kwanza Edie Fearon wa Keswick, mji wa milimani Uingereza, alilijua tangu utotoni. La pili alifundishwa na Alan Wharton, na somo lenyewe lilimchoma.

Edie alikuwa mkusanyaji wa vitabu vya njia za miamba, vile vidogo vya kutia mfukoni, vinavyomwambia mpandaji aanzie wapi, ashike wapi, na wapi aanze kuomba dua. Rafu zake zilipanda na ngazi za nyumba mpaka darini. Alivisaka minadani, akavisaka kwenye maduka ya mitumba ya kanisa, na akavisaka kwenye nyumba za wajane, ambako alibisha hodi na keki ya tangawizi mkononi kabla maua ya mazishi hayajanyauka. Haya hakuwa nayo. Wakusanyaji wote ndivyo walivyo, na anayekana ni mwongo.

Lakini kitabu kimoja hakukisaka. Kile chenye jalada jekundu, cha mwamba wa Hollin, kilikuwa cha mama yake. Agnes Fearon alifanya kazi kwenye kiwanda cha penseli, akizipaka rangi wiki nzima, na Jumapili akivaa viatu vyake vya misumari akaenda kupanda. Siku hizo klabu ya wapandaji haikuwataka wanawake, na kwenye kumbukumbu zao zote jina lake hulikuti. Mahali pekee alipobaki ni ndani ya kitabu hicho. Kila njia aliyoipanda akiwa wa mbele kwenye kamba, aliitilia alama ya vema pembeni kwa penseli ya kiwandani. Wa mbele akiteleza huanguka kwelikweli, ndiyo maana alama ni yake. Anayefuata nyuma, kamba ikimshikilia kutoka juu, haandiki kitu. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na watu wa kule hawaichezei. Edie alijifunzia kusoma humo, kidole chake kikitoka alama hadi alama.

Kila msimu wa vuli wakusanyaji hukutana kwenye ukumbi wa kijiji bondeni, wakashindanisha nakala zao. Mwenyekiti wao, Alan Wharton, daktari wa meno mstaafu, alikuwa amekiomba kitabu hicho miaka nenda miaka rudi, maana nakala nyingine yenye karatasi yake ya nje haikujulikana ilipo. Mwaka huo Edie alilegea, akampa mapema ili akiandalie mahali kabatini.

Siku ya maonyesho alifika ukumbini amelowa, akakikuta nyuma ya kioo, utepe wa buluu wa ushindi umeshabandikwa. Moyo ulimpanda kwa furaha. Akaomba kabati lifunguliwe, akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Pembeni hapakuwa na kitu. Weupe mtupu.

"Alan," alisema. "Alama za mama ziko wapi?"

Alan alitabasamu kama mtu anayengoja shukrani. "Nimekusafishia! Nimekaa nacho jioni zote hizi, ukurasa kwa ukurasa, kwa kifutio laini kabisa. Kama kimetoka mtamboni leo asubuhi."

"Nani alikutuma?"

"Atanituma nani? Ni zawadi, Edie. Nakala iliyochorwachorwa haipewi utepe, wewe mwenyewe unajua."

Na kwa kweli alijua. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikunjia pua nakala kadha wa kadha kwa kosa hilohilo. Hilo lilimzidishia hasira badala ya kuipunguza.

"Ile haikuwa michoro. Ile ilikuwa mama yangu."

"Jamani, Edie. Ilikuwa penseli tu."

"Penseli tu? Keswick nzima imelishwa na penseli, wewe mwenyewe babako kakusomesha kwa mshahara wa penseli, leo unasimama hapa na glavu zako nyeupe unaniambia penseli tu?"

Kuna aliyecheka nyuma ya birika la chai, kisha akajutia.

"Nilitaka kipendeze," Alan alisema, masikio yamemwiva.

"Umekata pua uunge wajihi."

"Basi nisamehe, bibie. Nikueleze nini tena? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki," Edie alikubali. "Basi nitachota mengine."

Akaubandua utepe, akauweka juu ya sahani ya sandwichi, kisha akakichukua kitabu kwa mkono mtupu uliolowa. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Pale mezani, kando ya kioo cha kukuzia maandishi, kilikuwako kile kifutio cha kijivu. Nacho akakichukua.

Nyumbani alikilaza kitabu chini ya taa, akakiinamisha huku na huku. Mwanga ulipopita upande, alama zilijitokeza. Agnes alikuwa na mkono mzito. Penseli ilikuwa imekwenda, lakini mibonyeo yake midogo ilibaki imezama kwenye karatasi. Edie aliipapasa kwa ncha ya kidole, moja moja, akalia bila kujificha. Amfiche nani? Mbele yake alikuwa Dot Tyson, mfuga kondoo wa jirani, mwenzake wa kamba tangu ujana, mdomo wazi muda wote.

"Si ndizo hizo?" Dot alisema. "Pitisha kalamu juu yake, yaishe, tunywe chai."

"Alama haikopwi, Dot. Anaandika aliyepanda."

"Aliyepanda amekufa, shoga yangu."

"Binti yake hajafa."

Dot aliweka kikombe chini. "Wewe? Una miaka sitini na moja na goti la kuazima. Mara ya mwisho kutangulia kwenye kamba, mimi nilikuwa na kiuno."

"Kamba unayo au huna?"

"Ninayo. Ila ukifa nitawachukua paka wako niwape majina mabaya."

Majira ya kuchipua yalipofika walianza. Njia nyepesi kwanza: Ngazi ya Kasisi, Meza ya Wachungaji, Ubavu wa Kushoto. Edie alitangulia kila moja, kitabu kikiwa mfukoni kama kilivyotengenezwa kukaa, na kila alipofika juu alitia alama yake palepale penye mbonyeo wa mama. Hakutumia penseli. Alitumia kalamu ya wino mweusi usiofutika, ile ambayo Dot huandikia chupa za dawa za kondoo. Mvua ya kule haibagui. Ilikinyeshea kitabu kama ilivyowanyeshea wao. Tone la kwanza kwenye ukurasa lilimuuma Edie utadhani limemchoma jichoni. Baada ya mwezi hakuyaona tena. Alan alimpelekea salamu kwa watu: anasikia kitabu kinapelekwa mwambani, je, ni kweli? Edie alimjibu kwa watu haohao kwamba ni kweli, na kwamba juzi kilikaliwa.

Ikabaki Koo la Kunguru.

Hilo ni pengo jembamba la giza katikati ya Hollin, maji yakitiririka ndani mwake hata wakati wa kiangazi, na juu yake jiwe limekwama kama mfupa kooni. Mara ya kwanza Edie alifika chini ya jiwe, akatafuta pa kuweka mguu, asipaone, akateleza. Alianguka urefu wa mtu na nusu, akaning'inia kwenye kamba akimtukana kila aliyezaliwa. Dot alimshusha, akazunguka kwa njia ya kondoo mpaka juu, akateremsha kamba, akampandisha huku akimvuta.

"Haya, tia alama twende, nimelowa mpaka nguo za ndani."

"Sikutangulia."

"Edie. Tuko mimi, wewe na kunguru. Nani atajua?"

"Mama hakuwa na mtu wa kumsifu wala wa kumkagua, akaandika kweli tupu. Mimi nije nimtilie uongo juu ya mstari wake?"

Dot alianza kukunja kamba.

Wakarudi mwezi wa kumi, wiki ya maonyesho. Safari hii Edie, alipofika chini ya jiwe, hakuhangaika na upande wa kulia ambao kitabu kiliutaja. Alitulia, akawasha taa ya kichwani. Kwenye ukuta wa kushoto, chini kuliko alivyotarajia, aliona mikwaruzo myeupe: misumari ya viatu vya zamani ilikuwa imeukwangua mwamba palepale, mara nyingi. Huenda haikuwa ya mama. Walipita wengi. Edie hakutaka kujua.

"Hiyo nayo ifute, Alan," alisema kwa sauti.

"Unasemaje?" Dot alipiga kelele kutoka chini.

"Shika kamba!"

Akaweka mguu juu ya mikwaruzo, akauamini, akasimama. Jiwe lilimpita kifuani, kisha kiunoni, kisha likawa chini yake. Huko juu upepo ulikaribia kumpokonya kitabu. Alikilalia kwa tumbo, akafungua ukurasa wa Koo la Kunguru, akatia alama kwa mkono mzito kama wa mama yake.

Siku ya maonyesho alikiweka mezani mbele ya Alan. Kilikuwa kimevimba kama mkate ulioanguka kwenye supu. Karatasi ya nje ilikuwa imepasuka vipande viwili, na jalada jekundu lilikuwa limetia rangi yake kwenye kurasa za mwanzo. Watu waliacha chai zao wakasogea. Alan alivaa glavu, akakifungua taratibu.

"Mungu wangu," alisema. "Umekiua."

"Soma."

Akafunua. Ngazi ya Kasisi, alama. Meza ya Wachungaji, alama. Ukurasa baada ya ukurasa, nyeusi, nene, mpaka Koo la Kunguru. Pale alisimama. Yeye mwenyewe katika ujana wake alikuwa amelijaribu Koo, na kila mtu ukumbini alijua alivyoshuka bila kufika juu.

"Ulitangulia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kamuulize Dot. Nilitangulia kama mama alivyotangulia."

Alan alivua glavu. "Kwenye kabati hakiwezi kuingia, Edie. Kina maandishi."

"Nani kakuomba kabati?"

Akatia mkono mfukoni, akatoa kile kifutio cha kijivu, akakiweka juu ya ukurasa, katikati kabisa ya wino.

"Haya, Alan," alisema. "Safisha."