Mwanamume Ndani ya Nyumba ya Eda

Wifi yangu Barke hakunipenda tangu siku niliyoolewa na kakake, na kakake alipokufa hakuona tena sababu ya kuficha. Mimi nikakaa eda: nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna kutoka, wala kuzungumza na mwanamume asiye maharimu wangu. Yeye akakaa barazani, chini ya dirisha langu, kunilinda nisivunje. Nani aliyemtuma, sijui. Ila najua alitaka nini. Mjane mwenye aibu haachwi katika nyumba ya ukoo, na chumba changu pale Kibokoni alishakipimia mapazia.

Aliyeniondolea ukiwa ni jirani yangu Shahnaz. Mamake haoni, na kuna watu waliokuwa wakiwasomea vipofu vitabu kwenye kaseti. Shahnaz akaniletea kitabu kimoja kizima, kaseti zimefichwa ndani ya sufuria, pamoja na redio yake ya betri. Wallahi, utamu ule sijauonja tena! Jambazi aliyebadili jina ameingia nyumba ya tajiri, naye ni mmoja wa watatu: mpishi, dereva au mkwe. Kila nikidhani nimemjua, msomaji ananigeuzia. Nikawa nangoja alasiri kwa hamu, nisali upesi, nibonyeze kitufe.

Siku moja msomaji akashusha sauti: "Funga mlango, bibi. Hapana ajuaye kuwa mimi nimo humu."

Papo hapo nikasikia champali za Barke zikikimbia kichochoroni.

Alirudi na ami yake, mzee Mbwarali, na wanawake wa mtaa, wale wasiokosa shughuli. Hodi hawakupiga.

"Mume yuwapi, huyo mwanamume wako?" Barke akapiga ukelele. "Nimemsikia kwa masikio yangu! Kila siku yumo, asema naye!"

Akainama mvunguni mwa kitanda, akafungua kabati, akazirusha nguo za marehemu. Mzee Mbwarali alisimama mlangoni, uso kaupa ukuta kwa haya. Redio haikuwa na haya, ikaendelea: "Dereva, nipe funguo."

Bibi mmoja akacheka ndani ya buibui.

Barke angeniomba radhi, ningemsamehe. Badala yake aliichomoa kaseti akauvuta utepe wote sakafuni kama matumbo ya kuku. Mzee akamwambia, "Barke, toka." Akatoka, lakini maneno yalikuwa yashatangulia. Mpaka Mbaraki watu walisema Mejumaa, yaani mimi, amefungia mume ndani ya eda, na huko hapana aliyesikia kuwa ni redio. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Shahnaz akanitafutia kaseti nyingine kama ile. Nilipoiweka, nikasikia mtu akiketi taratibu barazani. Nikamwacha asikilize. Msomaji alipovuta pumzi kutaja jina la jambazi, nikalifunga dirisha, nikateremsha sauti, nikasikiliza peke yangu, sikio juu ya redio.

Dirisha likagongwa.

"Wifi, ni dereva, siyo?"

"Wataka nini na sauti ya mume?"

"Nambia tu. Nimesikiza tangu mwanzo, takufa na dukuduku."

Tangu mwanzo! Basi siku ile alijua fika kuwa ni kitabu. Na mvunguni alikuwa akitafuta nini? Nikaona nikifungua nitamng'oa macho.

"Nenda nyumba zote ulizokwenda," nikamwambia, "useme ulijua ni kaseti. Anza kwa ami yako. Kisha urudi, takwambia."

Nilidhani kiburi kitamshinda. Halafu champali zikaondoka.

Magharibi mzee Mbwarali mwenyewe alituma salamu, ananitaka radhi kwa ajili ya ukoo. Nyuma ya salamu akaja Barke, anahema, jasho linamtiririka.

"Nishasema kote. Haya, ni nani?"

"Mpishi."

"Nilijua!" akapiga makofi. "Nilijua tangu zamani!" Akaenda zake, roho imetulia.

Ni mkwe. Mtu wa nyumba ile ile, aliyekula nao sahani moja. Lakini hilo Barke hatalisikia kwangu mpaka azikwe.