Herufi za Bi Verna

Kama kuna mtu aliyewahi kuipenda alfabeti kwa dhati ya moyo, ni Verna Bakken. Si kwa ajili ya kusoma, la hasha. Verna akishika kitabu anasinzia. Aliipenda kwa sababu ya chakula.

Shule yetu ya Nordby ni ndogo. Wanafunzi wote wanaenea kwenye basi moja, na bado Orville, dereva, anapata kiti kizima cha kuwekea kofia yake. Lakini kila Mei, siku ya kufunga shule, tunashindana michezo na shule ya Sletten, kisha tunakula pamoja ukumbini. Mwaka mmoja kwao, mwaka unaofuata kwetu. Na chakula kinapangwa kwa herufi ya jina la ukoo, tangu enzi za bibi zetu. A hadi H wanaleta saladi. I hadi P wanaleta chakula cha moto, yaani nyama na viazi vya ovenini. Q hadi Z wanaleta mkate na vitamu. Hakuna kuulizana wala kugombana. Kwetu, kumwuliza mtu atapika nini ni sawa na kumwuliza ana nini benki, na watu wa hapa North Dakota hawaulizani mambo hayo hata wakiwa wamelala kitanda kimoja.

Verna ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ingawa mtoto wake wa mwisho alimaliza shule zamani na sasa ana upara. Hakuna aliyethubutu kumwambia aachie ngazi. Na mwaka huu ilikuwa zamu yetu ya kupokea wageni, naye alikuwa na sababu ya kukosa usingizi. Dada yake mkubwa, Lorraine, aliolewa Sletten, na huko naye ni mwenyekiti wa kamati. Hawa wawili wangeweza kushindana hata kupiga chafya.

Lorraine ana usemi wake mmoja: "Mdogo wangu Verna akipika chai, atasahau maji." Aliusema kwenye harusi ya Verna, maana keki ilikuwepo lakini kisu cha kuikatia hakikuwepo. Akausema tena kwenye ubatizo wa mtoto wa kwanza. Akausema kwenye mazishi ya mama yao, jeneza likiwa halijashuka, na watu wakacheka, mchungaji akiwa wa kwanza. Uliniuma mimi nisiyehusika, sembuse mwenyewe. Basi Verna akaapa moyoni kwamba safari hii Lorraine atakula, atashiba, atafunga mdomo. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Wiki ya mwisho, mwalimu wetu, binti Castellano aliyekuja kutoka mjini, alimfuata Verna ukumbini akiwa anapanga viti.

"Bi Verna, samahani. Nyama analeta nani hasa?"

"I hadi P."

"Ndiyo, lakini nani?"

"Mwalimu, wewe umekuja juzi. Herufi hizi zilikuwepo kabla yako, na zitakuwepo hata ukishaolewa ukaenda zako. Hazijawahi kutuangusha."

"Mimi ni C."

"Basi lete saladi, mama, usijisumbue na nyama za watu."

Mwalimu akashika kiti akasaidia kupanga. Amejifunza haraka, yule binti.

Siku yenyewe ikafika, jua kali, upepo wa kung'oa kofia. Watoto wa Sletten walishuka kwenye basi lao wakiimba. Nyuma yao akashuka Lorraine, kitambaa cha hariri shingoni, akitazama huku na huku kama mkaguzi wa afya.

"Verna, mdogo wangu. Umekonda. Ni kazi au ni wasiwasi?"

"Ni furaha ya kukuona, dada."

"Kisu kipo leo?"

"Vipo vya kutosha. Ukitaka nitakuonyesha na makali yake."

Wakakumbatiana, maana watu walikuwa wanatazama.

Verna alishinda uwanjani na kipenga. Watoto waliruka ndani ya magunia, wakakimbia na mayai kwenye vijiko, wakavutana kamba pamoja na baba zao. Tulishindwa kuvuta kamba, kama kawaida. Watu wa Sletten wanalishwa nini sijui. Lakini Verna hakujali. Jicho lake moja lilikuwa kwenye mlango wa ukumbi, akiona wazazi wanapita mmoja mmoja na mabakuli yaliyofunikwa vizuri. Bakuli baada ya bakuli. Mabakuli yalikuwa mengi kuliko mwaka wowote. Moyo wake ukatulia, akapuliza kipenga kwa mbwembwe mpaka mtoto mmoja akaziba masikio.

Ilipokaribia saa ya kula akaingia ukumbini kufunua meza.

Akafunua bakuli la kwanza. Jeli ya kijani, yenye kabichi na karoti za kukwaruza. Vizuri. La pili, jeli nyekundu yenye ndizi. La tatu, jeli ya chungwa yenye vipande vya chungwa, ili usije ukasahau ni ya chungwa. Lazima niseme hapa kwamba kwetu jeli ni saladi. Unga ule wa rangi unaoyeyushwa kwa maji moto ukagandishwa frijini ukawa unatikisika, ukiutia karoti moja tu unahesabika mboga. Mungu atusamehe, tumelelewa hivyo. La nne, jeli. La tano, jeli yenye zeituni. Verna akaanza kufunua kwa mikono miwili. Meza nzima, kutoka ukutani hadi ukutani, ilikuwa inatetemeka.

Mwishoni kabisa pakawa na pakiti ya biskuti, nusu. Orville Ytterdahl, dereva wetu, kapera wa miaka mingi, ndiye pekee aliyebaki kati ya Q na Z. Nusu nyingine aliila njiani.

Verna akasimama akaanza kuwaita I hadi P kichwani. Iverson: aliuza ng'ombe akahamia Arizona kwenye joto. Lund: binti yao wa mwisho aliolewa na Haugen, akawa H, na leo ameleta jeli ya limau. Nygaard: wako Fargo. Olson: mzee alifariki, mama anaishi kwa mwanawe. Peterson: hao walikuwepo mara ya mwisho tulipokuwa wenyeji, na ndio waliotuokoa, kumbe, kwa masufuria yao makubwa. Lakini walikosana na kanisa juu ya rangi ya zulia, na tangu hapo hawali na sisi. Mwaka jana tulikuwa wageni Sletten, hakuna aliyegundua. Kuanzia I hadi P hapakuwa na mtu hata mmoja. Maji yakamfika shingoni.

Nyuma yake wazazi walikuwa wamejipanga ukutani, mikono tumboni, wakiitazama meza. Walikuwa wamekwisha kuona tangu saa nzima iliyopita. Kila mmoja alipoingia na jeli yake aliona jeli za wenzake, akaelewa, akaiweka yake, na akanyamaza kwa adabu.

"Inapendeza," akasema Bi Haugen.

"Rangi nzuri," akasema Gunderson.

"Mwaka huu imejaa kweli," akasema Bi Dahl.

Hakuna aliyelitaja neno nyama. Afadhali kufa.

"Mwalimu," Verna akanong'ona, akamvuta Castellano jikoni. "Tumekwisha."

"Hakuna duka?"

"Lililo karibu ni mwendo wa saa nzima, na limefungwa."

"Mafriza ya watu je? Si kila nyumba ina nusu ng'ombe?"

"Aliyeganda, mwanangu. Tutawapa wageni walambe?" Verna akajifuta uso na aproni. "Lorraine yuko hapo nje. Ataniandika mpaka kwenye jiwe la kaburi langu. Hapa amelala Verna, alisahau nyama."

Mwalimu akamtazama akiwa na huruma ya kweli, lakini mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko. "Bi Verna, ukifanya kitu kwa makosa ni aibu. Ukikifanya kwa makusudi ni sherehe."

Verna akamwangalia. Kisha akavua aproni, akatengeneza nywele, akatoka.

Wageni walikuwa wanaingia, wanaume mbele, njaa imewatoa macho. Verna akapiga kijiko kwenye glasi.

"Ndugu zetu wa Sletten, karibuni. Mwaka huu Nordby tuliona hii nyama na viazi imetuchosha. Kila mwaka nyama, kila mwaka viazi. Kwa hiyo kamati imeamua: leo ni Siku ya Jeli."

Upepo ukasikika dirishani. Ndipo nilipowapenda watu wangu, maana hakuna aliyekunja uso.

"Ndiyo," akasema Gunderson. "Siku ya Jeli."

"Tumeisubiri mno," akasema Bi Dahl.

"Ile ya kila mwaka," akaongeza Orville.

"Ya kwanza," Verna akamsahihisha huku ameuma meno.

"Ya kwanza ya kila mwaka," akasema Orville, akachukua sahani.

Watoto walishangilia mpaka taa zikacheza. Kwao ilikuwa pepo. Walijaza sahani rangi zote, wakatoa ndimi nyekundu, wakatoa ndimi za kijani, wakashindana jeli ya nani inatikisika zaidi. Wakubwa ndio walioteseka. Wanaume waliotoka kuvuta kamba walikaa na vijiko wakikata vile vipande vinavyowakimbia sahanini. Baba mmoja wa Sletten akauliza kwa sauti ya chini kama nyama inakuja baadaye, mkewe akamkanyaga. Bakuli pekee lililogombaniwa ni la Bi Gunderson, ambaye huwa anatia samaki wa kopo ndani ya jeli ya limau. Siku zote tunalizunguka bakuli lile kwa mbali. Siku hiyo wanaume walilipangia foleni.

Lorraine alikaa mbele, akala taratibu, rangi kwa rangi. Verna hakuweka hata kijiko kinywani. Alikuwa anamtazama dada yake anavyotafuna, ingawa jeli haitafunwi.

Kisha Lorraine akasimama kushukuru kwa niaba ya wageni. Verna akashika kiti.

"Wenyeji wetu, asanteni," Lorraine akaanza. "Tumekula, na ndimi zetu ni ushahidi. Hii Siku ya Jeli ni wazo zuri sana. Na mimi nimefurahi zaidi kwa sababu, mnajua, ni wazo langu."

Verna akainua kichwa.

"Ndiyo. Nilimwambia Verna zamani, tukiwa wasichana. Nilimwambia, siku moja fanya karamu ya jeli tupu. Yeye peke yake asingeweza kufikiria kitu kama hiki, mnamfahamu. Kwa hiyo mwakani, Sletten, tutafanya Siku ya Jeli yenyewe hasa, ile halisi, na nitaisimamia mwenyewe."

Watu wa Sletten wakapiga makofi. Sasa, mtu anaweza kuvumilia kuchekwa. Verna alikuwa amechekwa harusini na mazishini, akavumilia. Lakini kuibiwa ni jambo jingine. Akasimama, uso mwekundu kupita jeli yoyote mezani.

"Lorraine, we Lorraine, mwongo mkubwa. Hukuniambia chochote. Hakuna aliyefikiria chochote. Nyama haikuwepo. Nilisahau kwamba watu wa I hadi P wamehama wote, nimekuta meza nzima jeli, nikatunga uongo hapo jikoni huku nikitetemeka. Hili ni kosa. Ni kosa langu mimi, nimelifanya mwenyewe kwa mikono yangu miwili. Wewe nenda katafute kosa lako."

Orville akaacha kutafuna biskuti. Verna alitamani ardhi ipasuke immeze, akaketi.

Lorraine alikuwa anatabasamu. Si tabasamu la kejeli. Lilikuwa lile la zamani, la utotoni, akimkuta Verna amejificha kabatini.

"Najua," akasema. "Najua tangu uliponipigia simu wiki mbili zilizopita ukaniambia mnapanga kwa herufi kama zamani. Nilizaliwa hapa, Verna. Nilikaa nikawahesabu kwa vidole. Iverson, Lund, Nygaard. Nilipofika Peterson vidole vya mkono vikaisha, na hakuna aliyebaki."

"Wiki mbili zote hizo? Na hukusema?"

"Ungenisikiliza?"

Verna akafikiri. "La."

"Basi." Lorraine akawageukia wanaume wa Sletten. "Kwenye basi letu, viti vya nyuma, chini ya mablanketi. Mapaja matatu ya nguruwe, nimeyaoka asubuhi. Na sufuria mbili za viazi. Yaleteni kabla hatujafa."

Wale wanaume walikimbia. Mbio zile kama wangezipiga mchana, wangeshinda hata mbio za magunia.

"Ulikuwa nayo muda wote huu," Verna akasema polepole, "ukaniacha nikalisha watu jeli?"

"Nilitaka nione utafanyaje. Umefanya vizuri. Mimi ningelia." Lorraine akavuta kiti akaketi karibu yake, akampangusa paji la uso kwa kile kitambaa chake cha hariri. "Lakini nilijua hutakubali kosa mpaka mtu ajaribu kukunyang'anya."

Nyama ikaingia, harufu ikatangulia. Watu waliokuwa wamekaa kwa adabu tangu saa moja iliyopita waliitupa adabu chini ya meza. Gunderson alibeba kipande kwa mkono mtupu. Lorraine akakata kipande kinono, pembeni pameungua kidogo kwa asali, akakiweka kwenye sahani ya mdogo wake.

Verna akala. Akakaa akitafuta kasoro: labda imezidi chumvi, labda imekauka kidogo katikati. Akatafuna, akatafuta tena. Nyama ilikuwa tamu mno, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.